Maneno Tuliyoyafuta

Handeni, nyumbani
Alasiri

Zaituni mwanangu,

Umekwenda kusukwa kwa Mama Ashura, na kwa jinsi ninavyomjua kwa maneno, hutarudi kabla ya magharibi. Bibi yako amejilaza. Sanduku lako liko mlangoni, limeshafungwa kamba, na juu yake umeweka ile ndoo yenye kifuniko. Nimekaa kwenye meza yako naandika kwa kalamu yako, na ninaona haya kama mtu aliyeingia chumba cha mwenzake bila hodi.

Mambo ya kula, kuvaa, kulala na marafiki sitayagusa. Bibi ameyasema yote tangu juma lililopita, na kila akimaliza anaanza upya. Mimi nina jambo moja tu, na nimeshindwa kukwambia kwa mdomo. Jana ulipokuwa unakunja shuka nilikuja nikasimama mlangoni, nikafungua mdomo, nikakuuliza kama umeweka sabuni. Ukasema, "Mama, hii mara ya tatu unaniuliza sabuni." Ilikuwa kweli. Mara zote tatu sikuwa nataka kuuliza sabuni.

Kesho nitakupa barua hii mkononi na kukuomba usiifungue mpaka basi lipite Mkumbara. Sababu utaiona mwishoni.

Niliamua kuandika siku ile ya dua ya kukuaga. Unakumbuka shangazi yako alivyokuchokoza mbele ya watu? "Haya mwenzetu, safari yote hiyo mpaka Arusha kwenda kusomea mafaili ya hospitali! Si ungesomea udaktari ukanitibu haya magoti?" Nawe ukamjibu, "Shangazi, hii kazi nimeianza nina miaka sita. Muulize mama. Yeye anaingiza kwenye kompyuta, mimi niko chini nafuta kitabu kwa kifutio, mshahara wangu andazi." Watu wakacheka. Bibi akadakia, "Kumbe ndiyo maana vidole vilichoka mapema, sufuria hataki kuosha!" Wakacheka tena. Nami nilicheka. Nilicheka kwa sauti kuliko wote, kisha nikaenda uani nikajifanya nachota maji.

Kwa sababu hadithi yako ni ya kweli, na umeisimulia vizuri, ila huijui nusu yake. Umeichagua kazi hii kwa ajili ya siku ile. Ulisema hivyo hata kwenye barua yako ya kuomba chuo, uliponipa niisome, nami nikakurekebishia koma mbili nikakurudishia.

Wakati ule tulikuwa tunakaa Masuguru, chumba kimoja, wewe uko darasa la kwanza. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja kazini, kwenye chumba cha takwimu cha kituo cha afya pale mjini Korogwe. Nilitoka chuo na alama nzuri, na nilikuwa najiona. Wewe hujawahi kunijua nikijiona, kwa hiyo nakwambia. Niliamini nina akili kuliko wauguzi waliokuwa wakiniletea vitabu niviingize, na wengi wao walianza kazi mimi nikiwa bado nafundishwa kushika kalamu.

Kazi yenyewe utaisoma kwenye vitabu vinene, lakini nikueleze kama ilivyokuwa mezani kwangu. Kila mtu anayefika kituoni, sababu iliyomleta ina namba yake, tunaiita msimbo. Malaria ina msimbo, jeraha lina msimbo. Hata asiyeumwa, kama mtoto aliyeletwa kliniki kupimwa uzito na kuchanjwa, naye ana msimbo. Kwa mtoto huyo ambaye haumwi ipo misimbo miwili. Wa kwanza unasema: amekaguliwa, hakuna kilichoonekana. Wa pili unasema: amekaguliwa, kuna kilichoonekana. Ukiweka wa kwanza, kompyuta inapokea na unaendelea. Ukiweka wa pili, inakufungulia ukurasa mwingine, inataka uandike ni kitu gani kilichoonekana, na jina la mtoto linaingia kwenye orodha ya watu wa kupigiwa simu warudi waonwe na daktari. Orodha ile ndiyo iliyokuwa njia pekee. Aliyekuwa nje ya orodha hakuna aliyempigia.

Na pale kituoni tulikuwa na desturi yetu ambayo sijaikuta kwingine. Mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, hakutaka rejista yenye mikato. Kwa hiyo wauguzi wa kliniki ya watoto waliandika kwa wino yale yaliyokwisha: jina, uzito, chanjo, namba ya simu. Lakini muuguzi akiona kitu ambacho hana uhakika nacho, alikiandika pembeni kwa penseli, kikae hapo mpaka daktari athibitishe. Wino kwa yaliyokwisha, penseli kwa yanayosubiri. Mimi nilitakiwa nipitie kila neno la penseli na muuguzi kabla ya kuingiza kitu chochote.

Siku moja ya kliniki nilikuwa nimesimama dirishani nikisubiri nipewe rejista. Daktari alikuwa amekwenda kwenye mkutano Tanga. Kwenye mizani kulikuwa na msichana wa miezi tisa, mnene, anacheka na kila mtu. Anaitwa Hadija. Mama yake alikuwa ametoka Makuyuni, miguu ina vumbi la shambani mpaka kwenye vifundo. Muuguzi alikuwa Sista Mwanjaa, yule aliyekuwa akikuita mchumba wa mwanawe.

"Sista, huyu mtoto jicho lake moja likipigwa na tochi linang'aa kama la paka."

"La paka?"

"La paka kabisa. Hili la kushoto. Baba yake ananicheka, anasema naona majini."

"Wanaume hao! Wangebeba mimba wao, majini wangeyaona mchana kweupe."

Kinamama kwenye benchi walicheka, lakini Sista Mwanjaa mwenyewe hakucheka. Alimbeba mtoto akamsogeza kwenye mwanga wa mlango, akamtazama muda mrefu. Kisha akachukua penseli. "Daktari leo hayupo, mama. Namba yako ya simu ndiyo hii? Basi kaa nayo karibu. Tutakupigia."

"Nitakaa nayo, Sista."

Nilikuwa hatua tatu kutoka pale. Nilisikia kila neno.

Wiki ileile tukaambiwa wakaguzi wa wilaya watakuja Jumatatu. Mganga mfawidhi akapita chumbani kwangu, akaegemea mlango. "Binti, nataka kitabu ambacho mtu akikifungua anasikia raha." Nilikuwa nyuma kwa siku nne za kliniki. Sikuwa na uvivu, mwanangu, usije ukadhani ni uvivu. Nilikuwa na haraka ya kusifiwa. Niliingiza mtoto wa kwanza kwa ule msimbo wa hakuna kilichoonekana, nikaunakili ukashuka kwa watoto wote mpaka chini ya ukurasa, siku zote nne. Nilijiambia nitarudi kwenye maneno ya penseli baadaye. Nilipoona wamekubaliwa wote, safu imenyooka, nikaipenda ile safu.

Yakabaki maneno ya penseli kwenye rejista. Mkaguzi angeyaona, angeuliza mbona kwenye kompyuta hayapo. Ilikuwa Ijumaa. Ukaja kutoka shule na mfuko wako begani, ukaketi sakafuni, ukasema, "Mama, nikusaidie nini?"

Nikakupa rejista na kifutio.

Nikakuonyesha. "Cha wino usiguse. Cha penseli futa chote, halafu pangusa." Ulifanya kazi huku ulimi umeutoa nje pembeni, kama ufanyavyo mpaka leo ukichora mstari. Ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kusoma kwa kuunganisha silabi. Ulifika mahali ukasimama.

"Ji-cho," ukasoma. "Jicho! Mama, hapa pameandikwa jicho!"

Ulinitazama unisifu. Nami nilijua ni jicho la nani. Ilitosha kunyoosha mkono nichukue kile kitabu.

Nikasema, "Vizuri sana. Futa."

Nimeyabeba maneno hayo matatu mpaka leo. Andazi nililokununulia jioni ile ndilo ulilowasimulia wageni.

Jumatatu wakaguzi walifungua rejista yetu wakaisifia mbele ya watumishi wote. Ile karatasi ya pongezi iliyo kwenye fremu sebuleni, ambayo umekua ukiiona juu ya televisheni, ni ya kitabu kile. Nimeitoa leo asubuhi. Hukuuliza; nadhani ulidhani nafuta vumbi.

Siku ya pili Sista Mwanjaa aliniuliza, "Mdogo wangu, yule mtoto wa jicho umemwingiza kwenye orodha?" Nikamwambia, "Tayari, dada." Hayo ndiyo yaliyotoka, mepesi kabisa. Yeye aliniamini, kwa nini asiniamini? Mwezi uliofuata alihamishwa.

Na Mama Hadija alikuwa akisubiri simu. Nyumbani kwao hakukuwa na umeme. Alikuwa akiipeleka simu kuchajiwa dukani kila siku ya pili, na anasubiri palepale dukani mpaka ijae, kwa hofu kwamba ikiachwa kwa mwenye duka, kituo kitapiga na yeye hayupo. Alikaa hivyo miezi minne. Hayo aliyasema mwenyewe, siku aliporudi bila kuitwa.

Alirudi kwa sababu jicho lilianza kuvimba. Daktari alifungua kompyuta, kisha akaagiza rejista. Aliyeipeleka ni mimi.

"Mama, hapa mtoto ameandikwa mzima. Hakuna kilichoonekana. Hukumwambia muuguzi?"

"Nilimwambia."

"Angekuwa ameandika."

"Nilimwambia, daktari. Akaandika, nikamwona. Akasema nikae na simu."

Daktari akafungua ukurasa. Ulikuwa msafi. Kifutio hakiondoi kila kitu, Zaituni. Mtu akiinamisha karatasi kwenye mwanga anaona mfereji wa penseli ulipopita. Nilijua hivyo, na nilikuwa nimesimama upande wa dirisha. Sikuinamisha. Yule mama akanitazama mimi. Nadhani alinikumbuka kwamba siku ile nilikuwepo. Niliangalia viatu vyangu.

Ndipo akasema, taratibu, kama anayejijibu mwenyewe, "Labda sikusema vizuri. Labda nilisema kwa sauti ndogo."

Mtoto alipelekwa Moshi. Ilikuwa saratani ya jicho. Walilitoa, na mtoto akapona. Sijui kama lingeokolewa angeitwa mapema. Nimesoma mengi juu ya jambo hilo, miaka yote hii, natafuta mahali pamoja palipoandikwa kwamba miezi minne haikubadilisha kitu. Baadaye niligundua kwamba nasoma kwa ajili yangu, si kwa ajili ya Hadija, nikaacha.

Nimewahi kujiambia kwamba nilinyamaza kwa ajili yako, kwa kuwa kazi ile ndiyo iliyokuwa ikikulisha, na baba yako alikuwa ameshaondoka. Ni uongo wenye sura nzuri. Nilijificha nyuma yako mara ya kwanza nilipokupa kifutio, na nikajificha tena kila niliposema ni kwa ajili ya mtoto. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nasifiwa kwa usafi, na sikutaka kuonekana mchafu. Hakuna zaidi ya hapo.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa narudi kutoka semina Moshi, basi likasimama Makuyuni. Mwanamke akaja dirishani na beseni la machungwa. "Dada wa kompyuta!" akaita. "Si wewe wa pale Korogwe? Mimi mama Hadija, wa jicho." Alifurahi kuniona, mwanangu. Pembeni yake alisimama msichana mrefu wa sare ya shule, akanigeuzia uso wote, kwa sababu upande wa kushoto hauoni, akasema, "Shikamoo." Nikaitikia, "Marahaba," nikatoa pesa ya machungwa.

"Anasoma vizuri huyu," mama yake akasema. "Sema baba yake ndiyo hajanisamehe. Tukikwaruzana tu, hata iwe chumvi, ananiambia: wewe hata hospitali ulishindwa kusema, kitabu kimeandikwa mtoto mzima. Basi nanyamaza. Kitabu si kimeandikwa?" Akacheka, kama watu wanavyocheka kitu wamekizoea. Dereva akapiga honi. Akanitupia machungwa manne ya nyongeza kwenye mapaja. "Ya mtoto wako."

Ulikula mawili. Ulisema ni matamu.

Siku ile ndipo nilipojua nilichokifuta. Kabla ya hapo nilidhani nimefuta jicho, na kwa jicho ningeweza kubishana na nafsi yangu, labda lingepona, labda lisingepona. Lakini neno la yule mama halina labda. Alisema. Mtu aliuacha mpunga wake, akapanda gari, akaja na mtoto ambaye kwa kila mtu alikuwa mzima, akasema kitu cha kweli ambacho hakuna aliyekuwa amekiona ila yeye. Mimi nikaweka namba inayosema hakuna. Na namba ile imekaa nyumbani kwake zaidi ya miaka kumi, inamwita mwongo kila chumvi ikizidi.

Anayeumwa sana usimhofie sana kwenye vitabu vyako. Ukimwandika vibaya atarudi, maumivu yatamrudisha. Niliyejifunza kumhofia ni huyu aliyekuja anatembea, anacheka, anayesema kitu kimoja huku anafunga khanga aondoke. Ukimwandikia hakuna, anakwenda nyumbani na kuamini, na wewe ndiye wa mwisho uliyekuwa na neno lake. Sasa hivi mimi ndiye ninayewafundisha vijana wanaoanza kazi hapa Handeni. Nawaambia wasinakili safu, wamsome mtu mmojammoja. Wananiita mkali. Wengine wanasema kwa heshima kwamba mama huyu hajawahi kukosea. Nikisikia hivyo sisahihishi. Ndivyo nilivyokuwa mpaka jana.

Wewe huna kosa. Nataka usome sentensi hiyo mara mbili. Ulikuwa na miaka sita, ulisoma neno kwa usahihi, ukalitangaza kwa sauti. Katika chumba kile ni wewe peke yako uliyefanya kazi ya kumbukumbu. Nilifikiria kukuachia hadithi yako ilivyo, tamu, yenye andazi. Lakini unakwenda kujenga maisha juu yake, na siwezi kukuona ukijenga hapo nikijua kilichofukiwa chini.

Nimemwandikia pia mwajiri wangu. Barua ile ni fupi kuliko hii. Imeeleza kilichoandikwa kwa penseli, nani alikifuta, na kwamba amri ilikuwa yangu. Iko kwenye mkoba wangu pamoja na nakala. Sijui watanifanya nini. Nakuomba usirudi nyumbani kwa sababu hiyo. Chochote kitakachotokea, ada yako ya mwaka huu imeshakwenda, na bibi ana mihogo ya kututosha.

Na kesho, mwanangu. Unajua kwamba nakusindikiza mpaka Korogwe upande basi la Arusha. Sijakwambia kwamba nimekata tiketi mbili. Nitapanda nawe, nitakaa karibu nawe, nitakuuliza habari za sabuni kwa mara ya nne. Basi likifika Makuyuni nitakubusu, nitakupa barua hii, nitashuka. Utadhani nimeamua kununua machungwa. Utakapokuwa unasoma hapa, mmeshapita Mkumbara, na mimi nitakuwa nyumbani kwa Mama Hadija. Nitaomba mumewe naye aitwe. Nitaomba Hadija akae asikie, kama mama yake ataruhusu.

Nimekaa siku tatu najaribu kupanga nitakachosema, na kila nikipanga kinakuwa kirefu na kinaanza kunitetea. Nimekikata mpaka kimebaki hiki: Ulisema. Ulisema vizuri, kwa sauti ya kutosha, na mimi nilikusikia.

Baada ya hapo wao ndio watakaosema, nami nitakaa niwasikilize mpaka wamalize.

Nasikia sauti yako huko barabarani, unacheka na Mama Ashura. Amekusindikiza mpaka hapa ili amalizie umbea. Lazima nifunge karatasi. Zaituni, huko chuoni watakuuliza kwa nini umechagua kazi hii, kila mtu huulizwa siku za mwanzo. Wasimulie habari ya kifutio. Wasimulie na andazi, wacheke. Wakishacheka, usiishie hapo. Waambie ulisoma neno gani, na mama yako alikujibu nini.

Mama